Somo: Kupiga picha za mitaani kwa filamu mjini Kigoma

Anayeshuka kutoka mtaa wa Mwanga kuelekea stesheni akiwa na kamera ya filamu ana picha 36 tu, na hataiona hata moja mpaka filamu isafishwe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla kamera haijafika jichoni: mwanga uwe umeshapimwa na umbali uwe umeshawekwa, ili mtu anapotokea, macho yako yawe kwake na si kwenye vifundo. Mifano yangu yote ni ya kamera ya kawaida ya milimita 35 yenye lenzi ya milimita 50, na filamu nyeusi-nyeupe ya ISO 400, namba inayoonyesha wepesi wa filamu kupokea mwanga.

Hatua ya kwanza ni kupakia filamu, na ipakiwe kivulini. Hakikisha meno yameshika matundu ya pande zote mbili, funga mgongo wa kamera, kisha zungusha polepole kifundo cha kurudishia mpaka uhisi filamu imekaza. Kuanzia hapo, kila unaposogeza filamu kifundo hicho kinapaswa kuzunguka chenyewe. Niliwahi kupiga picha Ujiji asubuhi nzima bila kukitazama, na filamu ilikuwa imeachia tangu mwanzo. Wazee wawili waliokubali kupigwa siku ile sikuwapata tena. Namba ya kuhesabia picha haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa huendelea kupanda hata filamu ikiwa imesimama.

Hatua ya pili ni mwanga. Jua likiwa kali na vivuli vikiwa na kingo zilizokatika vizuri, weka tundu la lenzi kwenye f/16 (namba ya f ikipungua, tundu hupanuka) na kasi ya shata, yaani pazia la kamera, iliyo karibu na namba ya ISO, yaani 1/500 ya sekunde kwa filamu hii. Wingu jepesi likipita, fungua hadi f/11. Likiwa zito, f/8 au f/5.6; chini ya mwembe, f/4. Hesabu hiyo hukaa kichwani baada ya filamu mbili au tatu. Kinachosumbua zaidi ni uso wenye ngozi nyeusi chini ya kofia au mtandio, huku nyuma yake kuna ukuta mweupe au ziwa linalometameta. Kipimo cha kamera hufuata ule weupe, na uso wa mtu hutoka kama doa lisilo na macho. Kumwonyesha mtu wa Kigoma bila macho yake ni kosa ambalo hatupaswi kulizoea. Pimia mwanga kwenye kivuli kinachofanana na kile alichosimama, si angani, na mahali penye vivuli vingi weka kipimo cha kamera kwenye ISO 200, kwa sababu negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Umbali ndio hatua ya tatu. Ukiweka lenzi kwenye f/11 na mita 4, kila kilicho kati ya takriban mita 2.6 na 8.5 kitatoka kikiwa safi, na hutahitaji kugusa fokasi. Chini ya mwembe, kwa f/4, nafasi hiyo husinyaa ikabaki kati ya mita 3.4 na 5 hivi, kwa hiyo jizoeze nyumbani kuzikadiria mita 4 kwa macho, ukihakiki kwa futi kamba.

Kisha chagua mahali, usubiri. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini jua hutufikia kama dakika 40 baadaye. Jua la utosini hapa huja karibu na saa saba mchana, na mwanga wa ubavuni unaochora uso vizuri hudumu mpaka saa nne asubuhi. Mimi huanza ufukoni Kibirizi, wakati mitumbwi ya dagaa imerudi na taa za kuvulia zinateremshwa. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi wa dagaa hawatoki, hivyo tazama mwezi kabla ya kupanga siku. Ufuko huo unatazama magharibi: asubuhi jua huwa mgongoni mwako ukilielekea ziwa, na jioni watu wale wale hugeuka vivuli vyeusi mbele ya maji.

Bandarini, stesheni na penye askari, omba kibali kwanza.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Mwanga:* Shikamoo mwalimu. Nikisalimia kwanza, watu hujipanga na kutabasamu, na lile tukio nililoliona linapotea. Nifanyeje?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Salimia, kisha usipige. Sema «Mwakeye», salamu ya Kiha, kaa, nunua karanga, kamera iwe kifuani inaonekana. Baada ya robo saa muuzaji ana wateja wake na wewe umekuwa sehemu ya soko. Mwenye haraka akitaka kupigwa akiwa amejipanga, mpige picha moja kwa heshima; ile unayoitafuta huja mara nyingi pale anapodhani umemaliza.

*Dada wa Ujiji:* Nasafisha filamu nyumbani, lakini maji ya bomba hayafiki baridi ya nyuzi 20 inayoandikwa kwenye maelekezo. Je, filamu itaharibika?

*Jibu:* Haitaharibika, dada, mradi upunguze muda. Filamu ya HP5 Plus, ambayo ni ya ISO 400, ndani ya dawa ya kusafishia ya D-76 isiyozimuliwa huchukua dakika 7½ kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 huwa kati ya dakika 5 na 5½. Muda ukishuka chini ya dakika 5 ni vigumu kupata matokeo ya namna moja filamu nzima, hivyo siku ya joto tumbukiza chupa ya dawa kwenye beseni la maji na barafu. Maji ya kusuuzia nayo yasitofautiane sana na dawa.

*Kaka wa Tabora:* Mtu akikuomba ufute picha yake, kwenye filamu utafuta nini?

*Jibu:* Mama mmoja wa dagaa aliniomba hivyo pale Kibirizi. Nilimweleza kwamba kamera hii haina kioo cha kuonyesha wala mahali pa kufutia, nikaandika namba ya picha kwenye daftari mbele yake, ilikuwa ya 22. Filamu ilipokauka nilikata kipande hicho kwa mkasi, nikampelekea mkononi. Alikiinua juani, akajitazama kwa muda mrefu, kisha akakifunga kwenye pindo la kanga.