Kumhamisha paka au mbwa kwa ndege ndani ya Ulaya: anza na chipu, tiketi baadae

Watu wengi wakipata kazi nchi nyingine huko Ulaya kitu cha kwanza wanakata tiketi yao, alafu ndo wanakumbuka wana paka. Jamani fanyeni kinyume. Mnyama ndo anayepanga tarehe ya safari, sio wewe.

Kama unazunguka ndani ya Umoja wa Ulaya, tuseme unatoka Ujerumani unaenda Ureno, vinatakiwa vitu vitatu: maikrochipu (kachipu kadogo kenye namba yake, kanawekwa chini ya ngozi), chanjo ya kichaa cha mbwa (ndio, hata paka anachomwa hiyohiyo) na paspoti ya mnyama, kile kijitabu cha bluu anachojaza daktari wa wanyama. Kinachowaponza watu ni mpangilio. Chipu inatangulia, chanjo inafuata, zinaweza kufanyika siku moja ila chanjo isiwe na tarehe ya kabla ya chipu. Mimi paka wangu alichanjwa kwanza, chipu akawekewa wiki mbili baadae, nikajua nimemaliza, kumbe kwa safari ile chanjo haihesabiki kabisa, ikabidi achomwe upya na tuanze kusubiri tena. Kusubiri kwenyewe ni siku 21 baada ya chanjo ya kwanza. Na kwa sababu hawachanjwi chini ya wiki 12, katoto kenye wiki 12 leo kwa kawaida kasafiri kuanzia wiki ya 15 hivi. Chanjo ya kurudia ukiwahi kabla ya ile ya mwanzo kuisha muda huna haja ya kusubiri tena, ukichelewa unarudi kwenye 21.

Mbwa akiwa anaenda Ayalandi, Ufini, Malta au Norwe kuna dawa ya tegu, daktari ampe na aiandike kwenye paspoti pamoja na saa, kati ya saa 24 na 120 kabla hajafika. Paka hawahusiki.

Uingereza ni habari nyingine. Paspoti ya Umoja wa Ulaya bado inamwingiza, mbwa na dawa ya tegu juu, lakini kwa ndege hakai na wewe kebini wala haendi kama begi lako, anaingia kama kago tu (mbwa wa kusaidia walemavu ndo wameachwa), na kago ni hela nyingi. Ndo maana wengi wanaruka mpaka Paris au Amsterdam alafu wanavuka kwa feri au kwa gari ndani ya ile treni ya chini ya bahari pale Calais. Ukitoka Uingereza kwenda Ulaya sasa, unahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari, kitolewe ndani ya siku 10 kabla ya kuingia.

Ndege zenyewe: Ryanair na easyJet hawabebi wanyama wa kufuga, usipoteze muda. Lufthansa na Air France wanakubali kebini mpaka kilo 8, na hizo kilo ni mnyama pamoja na begi lake, mpime nyumbani. Kila ndege ina nafasi chache za wanyama, kwa hiyo piga simu wakuhakikishie nafasi ndo ulipe tiketi yako. Mnyama mkubwa anaenda chini kwenye mizigo, ndani ya boksi gumu ambalo anaweza kusimama, kugeuka na kulala bila kujikunja. Wale wa pua bapa, bulldog, pug, paka wa Kiajemi, mashirika mengi hayawachukui huko chini kwa sababu wanapumua kwa shida, na mimi nawaunga mkono kabisa.

Begi linunuliwe mapema, mwezi mzima kabla, liache wazi sebuleni, weka nguo yako uliyoivaa, mpe chakula humohumo mpaka awe anaingia mwenyewe kulala. Usimpe dawa ya usingizi!! Inashusha presha na pumzi, na kule juu hakuna wa kumwangalia.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni pale kwenye ukaguzi: begi linapita kwenye mashine, mnyama anatolewa unapita naye mkononi. Paka akiogopa kelele anaruka na kwenye uwanja mkubwa hivyo kumpata ni kazi, so mvalishe mkanda wa kifuani wenye kamba tangu nyumbani, na omba chumba cha pembeni mlango ufungwe, viwanja vingi ukiomba wanakupa.

Mkifika mweke chumba kimoja kilichofungwa, maji, sehemu ya kujisaidia, fungua begi alafu mwache atoke kwa muda wake. Wiki hiyohiyo kabadilishe simu na anwani kwenye rejista ya chipu ya nchi mpya, maana akipotea wataisoma chipu na itawaletea namba yako ya zamani.