Namna ya kutumia bandana milimani na msituni

Jumamosi alfajiri, ndani ya matatu za namba 111 ziendazo Ngong, si vigumu kuwatambua wanaokwenda kupanda vilima: viatu vizito, chupa ya maji, mkoba wa mgongoni, na mara nyingi bandana iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono au kwenye kamba ya mkoba kama pambo. Wengi huirudisha nyumbani jioni ikiwa bado imefungwa palepale. Hapa nitaeleza kazi ambazo kitambaa hicho kinaweza kufanya kikifunguliwa, pamoja na kazi ambazo watu hukitwika ilhali hakiziwezi, kwa sababu hizi za pili ndizo nilizoziona zikiwaumiza watu.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Kinachofaa ni mraba wa pamba tupu wenye upande wa sentimita 55 hivi. Katika mitumba ya Gikomba au Toi utavipata vingi, na muuzaji atakuapia kwamba vyote ni pamba. Usibishane naye, chomoa uzi mmoja kwenye pindo ukifika nyumbani, ushike kwa kibano, kisha uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka, lakini uzi wa poliesta huyeyuka, ukajikunja na kuwa kidonge kigumu cheusi. Kitambaa cha poliesta hakinywi maji vizuri na kikikaribia moto huyeyuka na kugandamana na ngozi, kwa hiyo hakifai kwa nusu ya kazi zitakazotajwa hapa chini. Kilichochakaa ni bora kuliko kipya, kwa kuwa kipya huwa na wanga wa kiwandani unaozuia maji kupenya. Kama ni kipya, kifue mara mbili au tatu kabla ya safari, na kama ni chekundu, kifue peke yake.

Rangi nayo si jambo la urembo tu. Nyekundu au njano iliyokolea huonekana kwa mbali, jambo linalosaidia endapo utapotea na kulazimika kukipunga au kukifunga juu ya fimbo. Ukienda kwenye mbung'o, kwa mfano katika bonde la Lambwe iliko Hifadhi ya Ruma, epuka bluu na nyeusi: mitego ya kuwanasa wadudu hao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo kwa sababu huwavuta. Vitambaa vyenye mabaka yanayofanana na sare za jeshi viache sokoni, kwa kuwa raia anayevaa mavazi ya namna hiyo nchini Kenya anaweza kujikuta akitoa maelezo kituoni.

Matumizi yenye faida ya haraka zaidi ni dhidi ya jua. Kofia ya kawaida hufunika utosi na kuacha kisogo wazi, na jua la karibu na ikweta katika mwinuko wa mita 2,000 na zaidi huunguza hata siku yenye upepo wa baridi, kama wanavyogundua jioni wale waliotembea kutwa kwenye vilima vya Ngong bila kuhisi joto lolote. Kikunje kitambaa kiwe pembetatu, ukiweke kichwani ncha ya katikati ikining'inia nyuma ya shingo, kisha uvae kofia juu yake ili ikibane. Masikio nayo yatafunikwa.

Joto likizidi, kiloweshe. Nusu kikombe cha maji yatosha. Kikamue kisidondoke, ukikunje kiwe mshipi mpana na ukizungushe shingoni bila kukibana. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la ngozi, na hewa ikiwa kavu kama ilivyo katika Bonde la Ufa, kazi hiyo huenda haraka hata utalazimika kukilowesha tena baada ya muda mfupi. Jaribu jambo hilohilo Mombasa na utabaki na kitambaa chenye maji vuguvugu shingoni, kwa sababu hewa ya pwani imekwisha kushiba unyevu. Milima ya Aberdare na Mlima Kenya ina hukumu ya kinyume: huko pamba iliyolowa haikauki, nayo huendelea kukunyang'anya joto unalolihitaji, kwa hiyo ikinyesha, livue shingoni tambara hilo na ujifunge kitu cha sufu.

Kuhusu vumbi nitasema machache. Njia ya kupandia Longonot ina majivu ya volkano yaliyosagika kama unga, na kundi la watu kumi likikutangulia utakula vumbi lao lote. Pembetatu iliyofungwa juu ya pua, ncha ikielekea kidevuni, huzuia chembe kubwa na kukupunguzia kikohozi, lakini vumbi jembamba hupita. Mwenye pumu asikitegemee. Abebe dawa yake ya kuvuta mahali ambapo mkono unafika.

Jikoni ndiko kitambaa hiki kinakolipa gharama yake. Tangu tarehe 5 Juni 2020, vyombo vya plastiki vinavyotumiwa mara moja na kutupwa, zikiwamo sahani, vikombe na chupa za maji, vimepigwa marufuku katika hifadhi na misitu inayolindwa nchini, na mifuko ya plastiki ilikuwa imekwisha kuondoka mwaka 2017. Bandana safi hufunga viazi vitamu vinne au mandazi ya watu wawili kwa urahisi: weka chakula katikati, funga pembe mbili zinazokabiliana, kisha mbili zilizobaki juu yake, na utapata kifurushi chenye mshikio, sawa na kile ambacho bibi zetu walikifunga kwa leso. Ukikifungua kinakuwa kitambaa cha meza.

Kama mmesahau chujio, na lazima mtalisahau siku moja, chai ya majani huchujwa kwa bandana iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Mtu mmoja aishike juu ya kikombe ikiwa na kibonyeo katikati, mwingine amimine taratibu. Ifueni mara moja, kwa sababu maziwa yakikaukia ndani, harufu yake mtaibeba hadi nyumbani.

Kisha kuna kuepua sufuria, na hapa nina kovu dogo kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Tulikuwa tumepiga kambi, chai ilikuwa inafurika, na kitambaa kilichokuwa karibu nami ni kile nilichokuwa nimekilowesha kwa ajili ya shingo. Nilikikunja mara nne nikiamini kwamba ubaridi wake utanikinga. Kwa sekunde mbili ulinikinga. Halafu maji yaliyokuwa ndani yake yakachemka kwenye ukingo wa sufuria, mvuke ukaniingia vidoleni, na chai yote ikaenda majani. Kitambaa kikavu kina hewa kati ya nyuzi zake, na hewa ni kizuizi cha joto. Kikilowa, mahali pa hewa huchukuliwa na maji, ambayo hupitisha joto upesi. Kwa hiyo epua kwa kitambaa kikavu, kilichokunjwa walau mara tatu, na hakikisha pembe zake hazining'inii juu ya moto.

Kwenye maji ya kunywa, kosa la kawaida ni kudhani kwamba maji yaliyoonekana meupe ni salama. Kitambaa huzuia matope, majani na vijidudu vikubwa tu. Ni kweli kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa katika vijiji vya Bangladesh, ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria hao hung'ang'ania viumbe wadogo wanaonaswa na kitambaa. Nusu nyingine, hata hivyo, ilipita. Funga bandana iliyokunjwa kwenye mdomo wa chombo, uyachuje maji yaliyoachwa kwanza yatulie, kisha uyachemshe yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, maana kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini zaidi. Kuchuja kwanza kuna maana kwa anayetumia vidonge vya klorini pia, kwa sababu uchafu huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu.

Huduma ya kwanza inahitaji uangalifu zaidi, kwani hapa ndipo bandana husifiwa kupita uwezo wake. Watu husema inatosha kutundikia mkono uliovunjika. Ipime mwenyewe: mraba wa sentimita 55 ukikunjwa pembetatu una upande mrefu wa sentimita 78 hivi, nao ukizunguka shingo ya mtu mzima na kushuka hadi kwenye mkono, hakuna kinachobaki cha kufungia fundo. Leso ya kawaida, yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110 hivi, ndiyo inayofaa; ikunje iwe pembetatu, ipitishe chini ya mkono uliokunjwa kiwikoni, na uifunge kando ya shingo, si juu ya uti wa mgongo. Kama hakuna leso, pindua pindo la chini la shati la majeruhi juu ya mkono wake na ulibane kifuani kwa pini.

Kwa kifundo cha mguu kilichoteguka, bandana mbili zilizounganishwa zinatosha. Pitisha ncha ya kulia juu ya ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya ya kulia. Fundo likilala bapa umelifunga sawasawa, lakini ncha zikichomoza kukingama na kitambaa, umerudia mkono uleule, na fundo hilo litateleza. Kama bado mna mwendo, usimvue kiatu, kwa maana mguu ukishavimba hautaingia tena. Anzia chini ya unyayo, mbele kidogo ya kisigino, vuka nyuma juu ya kifundo, rudi mbele ukipishanisha juu ya kamba za kiatu, kisha funga ubavuni. Muulize kila baada ya dakika chache kama vidole vinakufa ganzi, na vikifa, legeza.

Jeraha linalovuja damu likandamizwe moja kwa moja kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuchungulia kila mara. Aliyeumwa na nyoka, kwa upande mwingine, asifungwe kitambaa cha kubana juu ya jeraha, ingawa wazee wengi bado hufanya hivyo. Moma, ambaye ni nyoka wa kawaida katika nyika zetu, ana sumu inayoharibu nyama, na kuifungia sumu hiyo sehemu moja huongeza uharibifu. Tumia bandana zako kufungia magango mepesi ili kiungo kisitikisike, vua pete na saa kabla ya uvimbe, usichanje, usinyonye, na umfikishe hospitalini akibebwa badala ya kutembea.

Utakuwa umegundua kwamba kitambaa kilichofuta jasho, kikachuja maji ya kijito na kuepua sufuria yenye masizi hakiwezi kuwekwa juu ya kidonda. Mimi hubeba viwili vya rangi tofauti: chekundu ni cha kazi chafu na hukaa nje ya mkoba kikikauka, na cha njano, kilichofuliwa na kupigwa pasi, hukaa ndani ya mfuko wake kwa ajili ya chakula na majeraha pekee. Leso hukunjwa chini kabisa mkobani. Nimeitumia kama shuka, pazia la kubadilishia nguo na kinga ya mvua kwenye matatu yenye dirisha lisilofungika, na kwa bahati njema bado haijamtundika mtu mkono.