Namna ya kukagua sari ya Banaras kabla hujatoa pesa

Diwali ikikaribia simu yangu hujaa picha za sari, na chini yake swali lile lile: "Dada, hii imefumwa kwa mkono au kwa mashine?" Picha haitoshi kulijibu. Sari husomwa upande wa nyuma, na wauzaji hupiga picha ya mbele tu. Huu ndio utaratibu ninaoufuata Varanasi, mji wa India ambao wengi bado wanauita Banaras, nikiwa nimevua viatu na kukaa juu ya godoro jeupe la dukani.

Osha mikono kwanza, kisha uombe kusogea karibu na mlango. Chini ya taa za duka hata zari, ule uzi wa rangi ya dhahabu, ikiwa ya plastiki inang'aa.

Hatua ya 1: Ifungue yote
Sari ina urefu wa takriban mita 5.5; ikiwa na kitambaa cha blauzi hufika kama mita 6.3. Ifikirie kama kanga: ina pindo, ina mji, halafu ina palu, ncha ile inayotupwa begani, ambako mfumi humwaga ufundi wake. Usikubali kuonyeshwa palu peke yake.

Hatua ya 2: Igeuze
Hapa usiharakishwe. Maua ya zari hufumwa kwa njia mbili kuu. Katika kadhua, kila ua hufumwa peke yake kwa uzi wake, nao uzi huishia hapo hapo, hivyo nyuma ni safi na hakuna uzi unaoruka kutoka ua moja hadi jingine. Katika fekwa, uzi hupita upana mzima wa kitambaa, kisha sehemu zinazoning'inia nyuma hukatwa. Pitisha kidole: utahisi vincha vidogo, kama ndevu zilizonyolewa jana.

Fekwa si ulaghai, maana nayo hufumwa kwa mkono. Ila kadhua hula siku nyingi zaidi kwenye kitanda cha mfumi, kwa hiyo usilipe bei ya kadhua ukapewa fekwa. Tatizo ni kwamba kitambaa cha mashine nacho huwa na nyuzi zilizokatwa nyuma. Ukiziona, nenda ukingoni.

Hatua ya 3: Tazama ukingo
Mfumi hutanua kitambaa kwa kijiti chenye pini kwenye ncha zake ili kisijikunje, na pini hizo huacha vitundu pande zote mbili. Vitundu pekee si ushahidi. Tafuta pia kasoro ndogo: ua lililonenepa kidogo, mshindio, yaani uzi unaopita upana, uliobana zaidi mahali fulani. Maua mia yanayofanana kama sarafu hunitia shaka.

Hatua ya 4: Kwaruza zari
Zari halisi ni waya mwembamba wa fedha uliozungushwa juu ya uzi wa hariri, kisha ukapakwa dhahabu. Nyingi hutengenezwa Surat, Gujarat. Ya bei nafuu ni shaba, na ya chini kabisa ni plastiki. Tafuta uzi uliochomoza, uukwaruze kwa kucha. Plastiki hubanduka kama utepe wa zawadi. Zari halisi ikifunguka utakuta hariri ndani. Kwenye sari za Kanchipuram, kule kusini, mara nyingi hariri hiyo ni nyekundu.

Hatua ya 5: Choma nyuzi mbili
Omba ruhusa, chomoa uzi mmoja wa mtande, yaani unaokwenda urefu, na mmoja wa mshindio kwenye ncha ya kitambaa cha blauzi. Choma kila mmoja peke yake, maana wapo wanaochanganya. Hariri hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Hatua ya 6: Soma lebo
Silk Mark inathibitisha hariri tu. Kuhusu mkono haisemi kitu. Handloom Mark ndiyo ya kazi ya mkono. Sari za Banaras zina ulinzi wa jina la asili yake tangu 2009, lakini jina hilo bado linabandikwa kwenye vitambaa vya mashine, ndiyo maana lebo naiweka mwisho.

Ukifika nayo nyumbani
Usiitundike, uzito wa zari utaivuta hariri. Ifunge kwa melikani iliyofuliwa, na kila miezi mitatu ikunje upya kwa mistari mingine, la sivyo zari itakatika kwenye mkunjo. Kwetu pwani, penye unyevu, fedha huwahi kuwa nyeusi, kwa hiyo ipunge kivulini.

Na marashi! Niliwahi kumpulizia bibi harusi ambaye alikuwa amekwisha kuvaa. Matone yaliacha madoa ya kahawia juu ya zari, begani kabisa, na dobi hakuweza kuyatoa. Siku hizi marashi hutangulia, tunasubiri yakauke mwilini, ndipo naifungua sari.