Pampu za mbolea kwa ESP32: ifundishe kungoja

Wasee, hii kitu ya pampu kujiwekea mbolea zenyewe nimeulizwa mara nyingi wiki hii so wacha niiandike mara moja. Niko na letusi za kukua kwa maji bila udongo, kwa rufu huku Kasarani, tangi ni ya lita 100, na nilichoka kupima maji na kumwaga mbolea kila asubuhi kabla niende job.

Vitu: ESP32 (kabodi kadogo ka kompyuta), pampu tatu za 12V zile za kufinya kamba ya mpira (mbolea A, mbolea B na dawa ya kushusha pH, yaani kipimo cha asidi ya maji), mosfeti IRLZ44N tatu (swichi za kuwasha pampu), dayodi 1N4007 tatu, rezista tatu za 10k, sensa ya EC (kipimo cha chumvi za mbolea ndani ya maji, kwa mS/cm) na ya pH. Ukizunguka Luthuli, ile street ya maduka ya elektroniki Nairobi, usikubali IRFZ44N eti ni same tu, hiyo geti yake (mguu wa kuiwasha) inataka karibu 10V ndio ifunguke vizuri na ESP32 inatoa 3.3V.

Kwanza waya. Dayodi inakaa juu ya pampu, mstari wake upande wa 12V, graundi zote zishikane. Halafu rezista ya 10k kutoka geti hadi graundi, ndio pampu ibaki imezimwa bodi ikiamka, na hapa tafadhali msiruke. Mimi mwanzo nilitumia relei za kuwaka pini ikishuka, stima ikapotea usiku, kurudi tu bodi ikiamka pini hazijatulia, relei moja ikashika na programu ikakwama hapo. Asubuhi chupa ya A ilikuwa tupu, EC imepita 4, letusi zimeungua kando kando kama karatasi.

Pili, pima pampu. Washa sekunde 60, maji yaingie kwa silinda ya kupimia. Yangu moja ilitoa ml 52, so ml 5 ni kama sekunde 5.8. Pima kila moja, hazifanani hata zikitoka boksi moja, na urudie baada ya miezi kadhaa juu mpira unachoka.

Tatu, programu. Soma EC mara kumi, panga, chukua ya katikati. Ikiwa chini ya 1.4 weka ml 5 za A, ngoja dakika moja, ml 5 za B, kisha usiguse kitu dakika 15 maji yachanganyike ndio usome tena. Watu wengi wanakosea hapo, wanaandika "EC ikiwa chini, pampu iendelee" na sensa bado haijaonja ile mbolea imeshaingia. Kungoja tumia millis (saa ya bodi, programu inaendelea na kazi), delay achana nayo, inasimamisha kila kitu. Weka pia kikomo cha siku, mimi ni ml 60 kwa kila pampu, na hesabu iandikwe kwa Preferences (memori ya ESP32 isiyofutika stima ikipotea), la sivyo stima ikipotea inaanza sifuri.

pH ni hivyo hivyo, ikipita 6.3 weka ml 1 tu.

Maswali

*Boss, siwezi changanya A na B nitumie pampu moja?*
Hapana. A iko na kalsiamu, B iko na salfeti na fosfeti, zikikutana zikiwa nzito zinaganda unga mweupe kama chokaa, kamba inaziba na mmea haupati kitu.

*pH yangu inarukaruka, lakini nikitoa sensa ya EC inatulia, shida ni gani?*
Zinasumbuana ndani ya maji. Lisha EC kupitia swichi yake, iwashe wakati wa kusoma tu, ukisoma pH iwe imezimwa.

*Na EC ikipanda zaidi itajishusha?*
Pampu inaongeza tu mkuu, haitoi. Jua likiwaka maji yanapungua na chumvi inabaki, so weka boya la tangi ijazwe maji safi.

*Naeza iacha niende ushago wiki mbili?*
Wiki moja nimejaribu ikashikilia. Mbili bado naogopa, pH huanza kudanganya polepole, mimi huikalibreti kila wiki mbili kwa maji ya kupimia ya pH 4.01 na 6.86. Tafuta jirani wa kupanda rufu.