Kung'oa sistimu chaji bila kuunguza bodi

Dogo ninayemfundisha kazi hapa Kilombero, Arusha, tundu la chaji la simu (ndiyo sistimu chaji) likimgomea kutoka anaongeza moto. Bloa, ile mashine ya kupuliza hewa moto, inapanda hadi nyuzi 400, plastiki inasinyaa, njia za bodi zinabanduka, na risasi (ile ya kulehemia) bado ngumu. Mimi moto siongezi. Nailainisha risasi yenyewe.

Simu nyingi za sasa hulehemiwa kwa "risasi" isiyo na madini ya risasi ndani: ni bati (la madini, si la paa), fedha kidogo na shaba kidogo. Huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Sasa nunua risasi iliyoandikwa 138. Humo kuna bismathi (madini mengine) 58 na bati 42 katika kila mia. Bismathi peke yake huyeyuka nyuzi 271, bati 232; zikioana, zinashuka hadi 138. Ukiichanganya na ile ya kiwandani, nayo inalegea mapema.

Toa betri, paka flaksi (dawa ya kulehemia, husaidia risasi itiririke) bila ubahili. Pasi ya kulehemu iwe kama 300. Anza na ile miguu minene ya tundu, maana ndiyo inayomeza joto, kisha pini ndogo. Kila mahali ongeza risasi ya 138 mpaka uone zimechanganyika kabisa. Pitisha bloa kwa upole, gusa tundu kwa kibanio. Likiteleza, inua. Lisipoteleza halijaiva, usivute.

Kusafisha ndiko kwenye kazi. Fyonza yote kwa waya wa shaba, weka risasi mpya, fyonza tena. Mimi hurudia mara mbili. Bismathi iliyobaki hufanya kiungo kikatike kama biskuti, na ikikutana na risasi ya aina ya zamani, ya bati na madini ya risasi, tatu hizo zinaweza kuyeyuka kwenye nyuzi 96 tu. Kwa mwinuko wa Arusha, maji ya chai huchemka karibu 95. Pima mwenyewe.

Nililijua hilo kwa aibu: mama mmoja muuza mchicha alirudi siku ya tatu, tundu limeng'ang'ania kwenye waya wa chaja, simu mkono mwingine. Nilirudia bure, na nauli nikamrudishia.

Ukishasafisha hivyo, tundu jipya lilehemu kwa risasi ya 63/37 (bati 63, madini ya risasi 37), inayoyeyuka nyuzi 183. Na ukiuziwa ile inayoyeyuka kwenye maji moto, nyuzi 70, iache: mara nyingi ina kadimi, sumu, na kibanda chetu hakina hata dirisha.

Osha kwa spiriti, ikauke, ndipo urudishe betri.