Nyenje wa ndooni: nilivyopunguza gharama ya kulisha mijusi

Hapa Muyeye, Malindi, wananiita Mama Mijusi, na jina nishalizoea. Mwitaliano niliyemfanyia kazi za nyumbani miaka minane aliporudi kwao aliniachia mijusi wawili wenye ndevu, wale wa asili ya Australia, na kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) tulichokibadilisha jina kabla hajapanda ndege. (Huna kibali? Anzia hapo. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haina mzaha, hata kwa kinyonga wa uani.) Alichosahau kuniachia ni pesa za nyenje. Nilikuwa naagiza Nairobi kwa basi, shilingi 1,200 kila wiki, na nusu wanafika maiti.

Pesa ya kwanza niliiokoa kabla sijafuga mdudu hata mmoja. Mjusi mchanga wa aina hii hula wadudu kila siku, lakini akishakua chakula chake hasa ni majani, wadudu mara mbili tatu kwa wiki wamtosha. Wangu ni wazee, nami nilikuwa nikiwashindilia nyenje mpaka matumbo yanaburura. Sasa asubuhi wanapata mchunga, majani ya mlonge na boga lililokunwa. Mchunga unajiotea wenyewe nyuma ya choo. Mchicha nawapa kwa nadra, maana unazuia kalsiamu isiingie mwilini. Kama wako ni wa kula wadudu tu, kama geko wengi, jamaa za mjusi kafiri, hapo hukuokoa kitu, njoo kwenye ndoo.

Chukua ndoo ya lita 20, ile laini ndani, nyenje asiweze kupanda. Kata tundu kubwa kwenye mfuniko, uzibe kwa wavu wa chuma. Wavu wa plastiki wataula usiku mmoja. Ndani simamisha vipande vya trei za mayai, mwenye duka atakupa bure. Chakula chao ni pumba za mahindi na maganda ya karoti au ya boga. Maji usiweke kwenye kisahani, watafia humo. Kipande cha tango kinatosha, ukibadilishe kabla hakijaoza. Taa ya kuwapasha joto wanayonunua Wazungu, sisi Malindi hatuihitaji.

Kisha mayai. Jaza kopo la siagi mchanga wa shambani uliolowa kidogo, vidole viwili kwenda chini. Usichote wa pwani, una chumvi. Jike utamjua kwa sindano ndefu nyuma. Kaa umtazame jioni: anasimama juu ya mchanga, anainua kiuno, anaizamisha sindano yote, anatulia, anachomoa, anasogea hatua moja, anazamisha tena. Baada ya siku tatu hamisha kopo kwenye ndoo nyingine, mchanga usikauke. Kwa joto letu, siku kama kumi hivi utaona vitu vidogo kuliko sisimizi vikirukaruka. Wiki sita hadi nane ni wakubwa.

Nikisema sisimizi nakumbuka kilio. Kundi langu la kwanza, mamia ya vitoto, liliondoka usiku mmoja. Asubuhi nilikuta mstari mweusi kutoka ukutani hadi mfunikoni, kila mmoja kabeba mguu. Tangu siku hiyo ndoo zangu zinakaa juu ya kijimeza, na kila mguu wa meza umo ndani ya kopo la maji yenye mafuta kidogo. Mafuta ya kupikia yaliyokwisha kazi yanafaa.

Jirani yangu naye alikuja juu. "Mama Mijusi, hao wadudu wako hawalali?" Wanaoimba ni madume. Basi nikaanza kulisha madume kwanza, nabakisha machache ya kuzalisha, majike nayaacha yatage. Kelele zilipungua, mayai hayakupungua. Ningejua mapema!

Nyenje ana kalsiamu kidogo, na mjusi akiikosa mifupa yake hulainika. Unga wa kalsiamu wa dukani ni ghali. Mimi huenda Mayungu kwa wavuvi wanaopasua ngisi, wale wanene wenye kile kifupa cheupe mgongoni, chepesi kama boflo lililokauka. Wao wanakitupa. Nakiloweka maji baridi siku tatu, nikibadilisha maji, nakianika, nasaga kwenye kinu, nachekecha kwa kitambaa. Nyenje wawili watatu kwenye mfuko, unga kidogo, tikisa, mpe mjusi. Nyenje hao walishe majani mabichi siku moja kabla, kwani shibe yao ndiyo shibe ya mjusi. Na mijusi uwape jua la asubuhi bila kioo katikati, kioo kinazuia miale wanayoihitaji. Waachie na kivuli cha kukimbilia.

Msimu wa mvua kumbikumbi ni bure: taa juu ya beseni la maji, basi. Ila usiokote wadudu palipopulizwa dawa, na kimulimuli usimguse kabisa, mmoja tu anaweza kumuua mjusi. Nyenje naye asiwe mrefu kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi wako.

Wakizidi, wape kuku. Wangu wakisikia mfuniko unafunguliwa huacha hata mahindi.