Kalenda ya Ushirika wa Kipresbiteri: Panga Kwanza Yasiyosogea

Katibu wa baraza la wazee wa ushirika, yaani kanisa la mahali pamoja, hapa Uganda akianza kujaza kalenda ya mwaka kwa kushuka kutoka Januari hadi Desemba, wiki ya vijana itaangukia siku ambazo vijana wako bweni, na sadaka ya mavuno itafika maharage yakiwa bado maua. Anza na mambo ambayo ushirika hauna uwezo wa kuyasogeza: Pasaka, shule, mvua na ratiba ya presbiteri, yaani baraza linalosimamia makanisa ya eneo. Mengine yote yatafute nafasi katikati.

Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo hucheza kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2027 itakuwa 28 Machi. Mwaka 2028, 16 Aprili. Hesabu siku 49 mbele upate Pentekoste. Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi.

Shule za Uganda zina mihula mitatu. Likizo ya Mei ni fupi na ina matope, basi kambi ya vijana ifae mwishoni mwa Agosti au baada ya Krismasi. Ibada ya kuwaombea watahiniwa iwe Oktoba. Ukingoja Novemba, wa darasa la saba wameshaingia kwenye chumba cha mtihani.

Mvua za kusini na kati hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Kaskazini ni msimu mmoja mrefu, kwa hiyo ushirika wa Gulu usinakili kalenda ya Kampala. Kazi ya paa na lipu iwekwe Januari na Februari, au Juni na Julai. Mkutano mkuu wa ushirika nao usiuweke alasiri ya Aprili: mvua ikipiga bati, hakuna anayesikia hesabu zikisomwa, na hoja hupita kwa kuchoka tu. Februari inafaa zaidi. Tangazo lisomwe Jumapili mbili mfululizo.

Sadaka ya mavuno ya msimu wa kwanza iwe mwishoni mwa Julai, mahindi yakiwa yamekauka. Mahindi mabichi yakifungwa guniani huota ukungu wenye sumu, na kanisa halina haki ya kumuuzia mtu chakula cha namna hiyo. Meno hutosha kupima: punje iliyokauka huvunjika kwa mlio, mbichi hubonyea. Matoke na kuku vipigwe mnada siku ileile baada ya ibada. Mkungu ukilala ofisini siku kadhaa huiva, na bei hushuka.

Sasa Meza ya Bwana. Makanisa mengi huiandaa mara nne kwa mwaka. Mojawapo iwe Pasaka. Isigongane na mavuno, kwa sababu wazee wanaohudumu mezani ndio haohao watakaoshika mbuzi mnadani.

Kazi huanza wiki mbili kabla. Kila mzee awatembelee nyumbani watu wa eneo lake. Familia 10 hadi 15 zinamtosha. Katika makanisa ya Kipresbiteri ya Uskoti ya zamani mzee alimpa mshirika kidude cha madini, na bila hicho mtu hakukaribia Meza. Siku hizi wapo wanaotuma ujumbe wa WhatsApp wakasema wametembelea. Ujumbe hauonyeshi nani ameanza kutembea kwa fimbo na atahitaji kuletewa Meza nyumbani, wala nani amehama bila barua, wala ndugu gani hawasalimiani.

Kwa washirika 120, slesi 14 zinatosha: toa ganda, kata tatu kwa tatu, kila slesi itoe vipande 9. Kata Jumapili asubuhi. Mkate uliokatwa Jumamosi jioni hukauka, ukabaki makombo matupu kwenye sahani. Juisi ya zabibu ni mililita 10 kwa kikombe, yaani lita 1.2, nunua lita moja na nusu. Jaza kwa chupa yenye mdomo mwembamba, uishie theluthi mbili ya kikombe, maana sinia hupita mikono mingi kwenye mabenchi yasiyolingana. Funika kwa kitambaa kizito, chepesi hupeperuka na nzi hawangoji sala iishe. Vikombe vioshwe siku hiyohiyo, vinginevyo Jumatatu utakuta sisimizi wamemaliza ibada yao.

Sadaka ya kila Jumapili ihesabiwe kabla mtu yeyote hajatoka, na watu wawili wasio wa nyumba moja, mhazini akiwa shahidi tu. Tenganisha noti kuanzia za 50,000 kushuka hadi 1,000, kisha sarafu. Andika idadi ya kila aina, si jumla peke yake, kwa kuwa jumla ikikosewa idadi ndiyo itakayoonyesha kosa liko wapi. Watie sahihi kwa kalamu ya wino, pesa ziende benki Jumatatu. Laini ya kupokelea sadaka kwa simu isajiliwe kwa jina la kanisa. Ikiwa ya mhazini, siku akihama au akifariki pesa zinakwenda na ukoo wake. Kumbukeni pia kodi ya asilimia 0.5 wakati wa kutoa pesa kwenye simu: kwenye shilingi 1,000,000 ni 5,000, mbali na ada ya kampuni. Iandikeni kama matumizi, msiikate kimyakimya kwenye sadaka.

Wakati presbiteri inapokuja kukagua, itaomba kumbukumbu za baraza, rejista za ubatizo, washirika, ndoa na mazishi, pamoja na hesabu. Majina ya washirika yasomwe Novemba baraza zima likiwepo, kila mzee ajibu kwa eneo lake: yupo, amehama, amefariki. Anayehama aandikiwe barua ya uhamisho, na nambari ya barua hiyo iingizwe kwenye rejista siku hiyohiyo. Kumbukumbu za kila kikao zisainiwe na mchungaji aliyeongoza pamoja na katibu. Neno lililokosewa likatwe kwa mstari mmoja, lisomeke chini yake, na herufi za mwanzo za jina la katibu pembeni. Ukipaka rangi nyeupe, mkaguzi atauliza ulificha nini. Nafasi tupu mwishoni mwa ukurasa ichorwe mstari wa kuikatiza, mtu asije akaongeza azimio ambalo baraza halikupitisha.